Kamera za Nyumbani: Mlinzi au Mchungulizi?

Ukipita siku hizi katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, tangu Ndia Kuu hadi Kibokoni na Kuze, kisha ukainua macho juu kidogo ya ile milango ya nakshi, utaona kitu ambacho mafundi waliozijenga nyumba hizo hawakukiwaza. Ni kijicho cheusi, hakizidi kikombe cha kahawa kwa ukubwa, kimepigiliwa ukutani nacho chamtazama kila mpita njia usiku na mchana bila ya kupepesa. Ukivuka kwenda Likoni au Kisauni, ukipita Tudor au Majengo, mambo ni yayo kwa yayo. Chombo kilichokuwa cha mabenki na mahoteli makubwa sasa kimeingia majumbani mwetu, na ajabu ni kwamba kimeingia bila ya kupiga hodi.

Tafadhali msomaji usinielewe vibaya. Mimi sina ugomvi na mtu anayetaka kuihifadhi nyumba yake. Sote twajua yaliyoifika mitaa yetu miaka hii ya karibuni: vijana, na tuseme kweli kuwa wengi wao ni watoto wetu wenyewe, wakitembea kwa makundi na mapanga mikononi, wakipora simu, wakikata watu, wakivunja nyumba hali wenyewe wamekwenda kusali. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu aliyevunjiwa mlango mara mbili hawezi kuambiwa asiweke kamera.

Hata hivyo liko swali ambalo naona halijajadiliwa barazani kwa kadiri linavyostahili. Kamera inapowekwa, yamtazama nani? Na nyuma ya hiyo kamera, ni nani anayetazama? Maana nyumba ya Mswahili ilijengwa juu ya sitara, na chombo hiki kimeundwa kwa kufunua. Vitu viwili hivi vitakaaje chini ya dari moja bila ya kimoja kukifukuza kingine?

ASILI YAKE

Wengi hudhani ya kuwa kamera za nyumbani zilibuniwa na polisi au majeshi. La. Mtambo unaohesabiwa kuwa wa mwanzo kubuniwa kwa ajili ya nyumba ya mtu ulitokana na fikira za mwanamke mmoja, muuguzi kwa kazi yake, jina lake Marie Van Brittan Brown, aliyekuwa akikaa Queens katika jiji la New York, Marekani. Yeye na mumewe, Albert, ambaye alikuwa fundi wa mitambo ya elektroniki, walikuwa wakifanya kazi saa zisizolingana, na mara nyingi bibi huyo alibaki peke yake nyumbani. Mtaa wao ulikuwa na uhalifu, na polisi walikuwa wakichelewa kufika walipoitwa.

Basi tarehe 1 Agosti 1966 wakapeleka maombi ya kusajili uvumbuzi wao, na tarehe 2 Desemba 1969 wakapewa hataza. Mlango ulitobolewa matundu manne ya kuchungulia, moja juu ya jingine, ili aonekane mgeni mrefu na mfupi, hata mtoto. Kamera ilipanda na kushuka nyuma ya matundu hayo, na picha ikaonekana katika televisheni chumbani. Mwenye nyumba aliweza kuzungumza na aliyeko nje, akitaka amfungulie kwa kubonyeza kidude, na akiona shari apeleke ishara ya kuomba msaada.

Nayataja haya kwa sababu moja. Kamera ile ilitazama mahali pamoja tu, napo ni mlangoni. Ilikuwa ikijibu swali ambalo kila mwenye nyumba ana haki ya kuliuliza: ni nani anayebisha? Haikutazama uani kwa jirani, wala njia kuu, wala jikoni kwa mtumishi. Tumetoka mbali sana na hapo, na sidhani kama tumekaa kitako tukapima tulikotoka na tunakokwenda.

NYUMBA YA SITARA

Wazee wetu nao walikuwa na mtambo wao wa ulinzi, ijapokuwa haukuwa na waya. Tazama nyumba za mawe za Lamu, mji ambao mwaka 2001 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mgeni hufika kwanza kwenye daka, mahali penye viti vya mawe nje ya mlango. Akifunguliwa huingia tekani. Kutoka tekani njia hupinda ndipo ufike kiwandani, ule uwanja wa ndani ulio wazi kwa juu. Kupinda huko hakukuwa bahati nasibu. Mlango ulipoachwa wazi, mpita njia aliona ukuta tu, wala jicho lake halikuwafikia watu wa ndani. Baada ya kiwanda ndipo misana, na nyuma ya misana ndipo ndani kwenyewe, mahali pa wenye nyumba.

Kuna na wikio, chumba kilichovushwa juu ya kichochoro kikaunganisha nyumba mbili, hata wanawake wa jamaa moja wakatembeleana bila ya kushuka njiani. Almuradi kila ukuta ulijua kazi yake: kumpokea mgeni, na papo hapo kumzuilia jicho.

Na je, wezi? Kazi hiyo ilikuwa ya baraza. Wazee waliokaa barazani tangu alasiri hadi isha walimwona kila aingiaye mtaani na kila atokaye. Kijana aliyebeba mzigo usio wake aliulizwa, “We mwana wa fulani, hicho wakipeleka wapi?” Lakini hebu tuzingatie tofauti hii. Mzee wa barazani alimwona mpita njia, na mpita njia naye akamwona mzee. Walisalimiana. Jicho la barazani lilikuwa na haya, na likiona la aibu liliinama. Kamera haiinami, haisalimu, na ilichokiona haikisahau mpaka kifutwe. Isitoshe, haisimulii kwa mdomo ukabishiwa. Hutoa picha, na picha husafiri.

DINI YASEMAJE?

Mimi si mwanachuoni, na masuala ya fat'wa nawaachia wenyewe. Lakini yako mambo yanayojulikana na kila aliyepita chuoni. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Waislamu wamekatazwa kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana, na makatazo hayo matatu yamekuja pamoja. Katika Suratun Nur, aya ya 27, tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu mmoja alichungulia katika nyumba ya Mtume (S.A.W.) kwa tundu, naye Mtume akamkemea kwa ukali na akabainisha ya kwamba hodi imewekwa kwa ajili ya jicho. Maana yake ni kuwa aliyekwisha kutazama ndani amekwisha kuingia, hata kama miguu yake ingali nje.

Upande wa pili, dini hiyo hiyo imeihesabu mali kuwa miongoni mwa mambo matano ya lazima kuhifadhiwa, pamoja na dini yenyewe, nafsi, akili na kizazi. Na anayeuawa akiitetea mali yake amehesabiwa kuwa shahidi. Kwa hiyo asije mtu akasema kuwa kamera ni haramu au ni halali akakomea hapo. Kamera ni jicho, na hukumu ya jicho hutegemea linapoelekezwa.

Husimuliwa kisa cha Khalifa Omar bin Al-Khattab, aliyekuwa akizunguka usiku kulinda mji wa Madina. Alisikia makelele ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamjibu kuwa yeye amekosa kwa jambo moja, lakini Khalifa amekosa kwa matatu: amepeleleza, ameingia pasipo kupitia mlango, na hakuomba ruhusa wala kutoa salamu. Omar akamwacha. Ikiwa mkuu wa dola nzima, aliyekesha kwa ajili ya amani ya watu, aliambiwa ukuta una heshima yake, seuze mimi na wewe wenye kamera ya kununua dukani?

UA WA BI MKUBWA

Mwaka jana nilikuwa miongoni mwa watu walioitwa kusuluhisha majirani wawili katika mtaa mmoja wa Mombasa ambao sitautaja. Mmoja ni mfanyabiashara aliyeibiwa mara mbili na wezi waliopitia juu ya paa. Aliweka kamera nne. Tatu hazikuwa na neno. Ya nne ilifungwa juu ghorofani kutazama paa, na katika pembe ya picha yake ukaonekana ua wa jirani, mahali ambapo mama mtu mzima na binti zake hupika, hufua na hupumzika.

Yule mama hakupiga kelele. Alizungumza taratibu, nasi sote tukainamisha vichwa. “Mwanangu,” alimwambia yule bwana, “miaka arubaini nimekaa ua huu na kanga zangu. Leo wataka nioshe vyombo na buibui ndani ya nyumba yangu?”

Bwana yule akaapa. “Mama, wallahi mimi siwatazami ninyi. Namtazama mwizi.”

“Wewe hututazami,” akajibu bi mkubwa, “lakini picha iko wapi?”

Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Tulipohesabu, picha ya ua ule ilikuwa katika mashine ya kurekodia, katika simu ya mwenye nyumba, katika simu za wanawe wawili, na fundi aliyeufunga mtambo naye alikuwa bado analijua neno la siri. Watu wanne wasio maharimu wa watoto wale walikuwa na ufunguo wa ua wao, na hakuna hata mmoja aliyekusudia ubaya. Mwenye nyumba mwenyewe alishtuka, maana alikuwa hajapata kulitazama jambo lile kwa namna hiyo.

Suluhu ilichukua dakika ishirini. Kamera ikainamishwa. Kisha, kwa kuwa mitambo mingi ya siku hizi ina uwezo wa kufunika sehemu ya picha kwa kiraka cheusi ambacho hakirekodiwi kabisa, ua wote ukafunikwa. Kijana wa bi mkubwa akaitwa aje aone kwa macho yake kwenye kioo. Neno la siri likabadilishwa. Ujirani ukarudi. Nauliza: je, ingekuwa nini lau mambo yale yangeachwa mpaka picha moja ivuje ikatembea mjini kwa simu? Pasingekuwa na suluhu ya dakika ishirini, wala ya miaka ishirini.

SHERIA YA NCHI

Wako wanaosema, “Nyumba ni yangu, ukuta ni wangu, nitaweka nitakacho.” Sivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, imempa kila mtu haki ya faragha, pamoja na habari za jamaa yake na mambo yake ya siri kutofichuliwa pasipo haja. Mwaka 2019 Bunge likapitisha Sheria ya Kulinda Data, na picha ya mtu anayetambulikana ni data yake. Ni kweli kuwa kifungu cha 51 cha sheria hiyo kinayaacha nje mambo ya mtu binafsi yaliyo ya nyumbani tu. Lakini neno zito ni hilo “tu”. Kamera ikitazama njia ya watu wote au mlango wa jirani, je, jambo hilo bado ni la nyumbani tu?

Swali kama hilo liliamuliwa Ulaya. Katika Jamhuri ya Cheki alikuwako bwana aitwaye František Ryneš ambaye nyumba yake ilishambuliwa mara kadhaa. Aliweka kamera chini ya paa, ikanasa mlango wake, njia ya watu na mlango wa nyumba iliyokabiliana naye. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Oktoba 2007 dirisha lake likavunjwa kwa manati, na kamera ikasaidia kuwapata washukiwa wawili. Mmoja wao akashitaki kuwa amerekodiwa kinyume cha sheria. Tarehe 11 Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba kamera inayonasa njia ya watu haiwezi kuhesabiwa kuwa jambo la nyumbani tu, ijapokuwa haja ya mtu kulinda mali na maisha yake yafaa kutiliwa maanani. Na mwaka 2021, katika mji wa Oxford huko Uingereza, mahakama ilimpa haki mama mmoja aliyelalamika juu ya kamera za jirani yake. Hakimu akaona kuwa kunasa sauti za watu kulikuwa na madhara hata kuliko kunasa picha zao. Hukumu hizo hazizifungi mahakama zetu, lakini maneno ya sheria yanafanana, na wakili mwerevu hatakosa kuzitaja.

Wenye nyumba za kupangisha nao wajue kuwa kamera ya ngazini na ya geti inayowarekodi wapangaji wengi haina ile kinga ya nyumbani. Mpangaji ana haki ya kuambiwa kuwa anarekodiwa, kwa sababu gani, na picha zake zakaa muda gani.

UFUNDI WAKE

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwani wengi hutapeliwa kwa kutojua. Nyumba ya kawaida haihitaji zaidi ya kamera nne: mlango wa mbele, kichochoro cha nyuma, geti au ngazi, na paa ikiwa wezi wana njia ya juu. Fundi akikwambia uweke nane, muulize ya tano itatazama nini.

Kuta zetu za mawe ya matumbawe ni nene, na waifai huchoka kuzipenya. Kwa hiyo mtambo wa waya ndio wa kutegemewa. Kamera za kisasa hutumia waya mmoja wa netiweki unaochukua picha na umeme pamoja, wala usizidi mita 100 tangu kamera hadi mashine. Pwani ina chumvi hewani, na adui wa kwanza wa kamera ni kutu kwenye viungo vya waya. Viungo vyote viwe ndani ya kisanduku kilichozibwa vizuri, na misumari iwe ya chuma kisichoshika kutu.

Kamera isipandishwe juu mno. Iliyo juu sana huona kofia tu, na kofia hazina sura. Urefu wa mita mbili na nusu hivi watosha ili uso uonekane, maadamu mkono wa mpita njia hauifikii. Lenzi ya milimita 2.8 huona upana mkubwa lakini watu huwa wadogo; ya milimita 4 huona upana mchache lakini sura huonekana kwa mbali zaidi. Usiku kamera hutoa mwanga wa infraredi usioonekana kwa jicho, na ukuta wa chokaa nyeupe ukiwa karibu na lenzi huurudisha mwanga huo, picha yote ikawa ukungu. Buibui nao, nawakusudia wadudu, hupenda kutanda pale pale. Kila wiki mbili pitisha kitambaa.

Hesabu ya diski ni hii. Kamera moja ya picha safi ya kawaida hutumia kama megabiti 4 kwa sekunde, nayo ni gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne ni gigabaiti 173. Diski ya terabaiti 2 itajaa kwa siku kumi na moja na nusu, kisha mashine itaanza kuandika juu ya picha za zamani. Mitambo mipya ya kubana picha hupunguza matumizi hayo kwa karibu nusu. Hakuna haja ya kuweka picha za miezi sita. Wizi hujulikana siku hiyo au wiki hiyo. Yaliyobaki ni maisha ya watu tu, yafutike.

Mashine ya kurekodia isiwekwe sebuleni chini ya televisheni, kwani mwizi akichukua televisheni ataondoka na ushahidi juu yake. Ifungiwe kabatini penye hewa, na iwe na betri ya akiba, maana stima hukatika na wezi wanajua.

KIKULACHO

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Kamera nyingi hutoka kiwandani na neno la siri linalojulikana dunia nzima. Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai iliingia katika maelfu kwa maelfu ya kamera na mashine za kurekodia kwa kujaribu maneno hayo tu, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vyombo vya majumbani lilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani hata mitandao mikubwa ikashindwa kufunguka. Wenye kamera hawakujua lolote. Machi 2021 wadukuzi waliingia katika kamera zipatazo 150,000 za kampuni ya Verkada, zikiwemo za hospitali na magereza.

Na si wageni tu. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliishitaki kampuni ya Ring, ikieleza kuwa mfanyakazi mmoja alikuwa ametazama maelfu ya picha za wateja wanawake, za kamera zilizokuwa vyumbani na bafuni mwao. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Wanawake wale waliziweka kamera wenyewe, kwa ajili ya usalama wao.

Hapa nina neno kwa ndugu zetu walioko Dubai, Jeddah, London na Toronto. Naelewa mwana aliye mbali humwonea huruma mamake, akatuma pesa iwekwe kamera sebuleni ili amwone kila siku kwa simu yake. Nia ni njema. Lakini mama huyo hupokea wageni, mashoga zake huvua buibui wakajinyoosha, na mahali pengine hapo ndipo husaliwa na kusukwa nywele. Wageni wale hawajui kuwa kijana aliyeko ng'ambo, na labda wenzake anaokaa nao chumba kimoja, wanaweza kuwaona. Mpigie mama simu. Sauti yake itakwambia mengi kuliko kamera, naye atajua kuwa unaye, wala hatajiona mfungwa anayehesabiwa.

Mtumishi wa nyumbani naye ni mtu. Ikiwa kuna kamera jikoni, aambiwe siku ya kwanza. Na mahali anapolala na anapooga hapana udhuru wowote.

USHAHIDI

Kuna wanaodhani wakishakuwa na picha, kesi imekwisha. Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 106B, yataka picha ya mtambo ifuatane na cheti cha mtu anayehusika na mtambo huo, kinachoeleza ilivyopatikana. Kijipande kilichozungushwa kwa WhatsApp, hakijulikani kilikotoka, chaweza kukataliwa. Kwa hiyo saa ya mashine iwe sahihi, na picha ya asili ihifadhiwe kabla ya kufutwa. Na usiirushe mitaani kabla ya polisi kuiona, kwani umma wetu una hasira, na kijana aliyefanana na mwizi anaweza kuuawa kwa kosa la kufanana.

Walakini picha ikihifadhiwa ina nguvu. Baada ya maafa ya Westgate ya Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa, kamera za jengo lile ndizo zilizoonyesha wanajeshi wakitoka madukani na mifuko. Na Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alipofariki akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi, halmashauri ya IPOA inayowasimamia polisi iliwaeleza Maseneta kuwa mtambo wa kamera wa kituo ulikuwa umechezewa. Funzo ni moja kwa pande zote mbili: kamera humwona mwizi na mlinzi sawasawa, na mwenye kuishika mashine ndiye mwenye kuishika kweli. Ndiyo sababu ni lazima tuulize daima mashine iko mikononi mwa nani.

NASAHA

Maoni yangu basi ni haya. Anayetaka kamera na aweke, lakini aanze kwa kumwita jirani. Amwambie, “Nataka kuweka kitu hiki, njoo utazame kitaona nini.” Jirani akiuona mlango wake au ua wake kwenye kioo, ufunikwe mbele yake. Sauti izimwe. Fundi akimaliza, neno la siri libadilishwe yeye akiwa amekwisha kuondoka, wala lisigawiwe kama sadaka. Ndani ya nyumba, zaidi ya mlango, kamera isiingie. Waliokwisha kuweka wafanye hivyo hivyo wiki hii, kwani kuchelewa kuomba ruhusa ni bora kuliko kutoiomba kabisa. Na walio na nyumba katika Mji wa Kale wakumbuke kuwa hapo ni mahali pa hifadhi, wasitoboe nakshi za watu waliokufa ili kupitisha waya.

Kisha tusiliache baraza life. Mtaa wenye wazee wanaokaa nje na vijana wanaojua kuwa wanajulikana kwa majina ya baba zao una ulinzi ambao haukatiki stima ikikatika. Kijana anayeshika panga leo alikuwa na baba, alikuwa na mwalimu wa chuoni, alikuwa na jirani aliyemwona akipotea. Kamera itatuonyesha uso wake usiku akivunja mlango. Haitatuonyesha siku ile alipofukuzwa shule kwa ajili ya karo, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza, “We mwana wa fulani, wenda wapi?”

Wabillahi taufiki.